Tenisi Chini ya Ngurumo za Tororo

Mji wa Tororo, mashariki mwa Uganda, uliingia katika vitabu vya rekodi za dunia kwa sababu ya ngurumo. Kati ya mwaka 1967 na 1976 ulihesabiwa kuwa na wastani wa siku 251 za ngurumo kila mwaka. Siku ya ngurumo, kwa kipimo cha wataalamu wa hali ya hewa, ni siku ambayo mpimaji kituoni ameisikia ngurumo walau mara moja, hata kama pale alipo halikudondoka tone la mvua. Hesabu hiyo ikichukuliwa ilivyo, ligi ya tenisi inayochezwa kila Jumamosi mwaka mzima ingesikia ngurumo katika Jumamosi 36 hivi kati ya 52. Busia, mji uliokatwa katikati na mpaka wa Kenya na Uganda, uko mwendo wa kilomita thelathini na kitu kusini mwa Tororo, chini ya anga hilo hilo.

Rekodi hiyo haifai kutiwa chumvi. Sikio la binadamu hunasa ngurumo iliyo umbali wa kilomita kumi na tano au zaidi, kwa hiyo dhoruba inayopiga Malaba, mji mwingine wa mpakani, huandikwa katika daftari la Tororo. Tena, kuhesabu siku si kuhesabu miali. Utafiti wa picha za setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 ulipima idadi ya miali ya radi kwa kila kilomita ya mraba, ukaliweka Ziwa Maracaibo la Venezuela nafasi ya kwanza na Kabare, mashariki mwa Kongo, nafasi ya pili. Sifa ya Tororo ni ya kurudiarudia. Hilo ndilo linalowasumbua waandaaji wa ligi ya ridhaa, kwa sababu dhoruba kubwa ya mara moja kwa mwaka kila mtu huikimbia, ilhali ngurumo ya siku mbili katika kila tatu watu wameizoea kiasi cha kutoinua macho.

Mazoea hayo yamefunika jambo moja lenye manufaa: ngurumo za ukanda huu zina saa zake. Ziwa Victoria, lenye eneo la kilomita za mraba karibu 68,800, liko upande wa kusini-magharibi. Kaskazini-mashariki umesimama Mlima Elgon, wenye kimo cha mita 4,321, na mashariki ziko nyanda za juu za Nandi. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na upepo mwororo wa ziwani huanza kuingia bara. Njiani hukutana na upepo wa mashariki unaoteremka kutoka nyanda za juu. Hewa yenye unyevu ikibanwa na pepo mbili haina pa kwenda ila juu. Hupanda, hupoa, na kufikia saa nane au saa tisa mchana wingu limekuwa mnara. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, upepo huelekea ziwani, na dhoruba huhamia juu ya maji hadi alfajiri, zikawa balaa kwa wavuvi wa Port Victoria na Majanji badala ya kuwa balaa kwa wacheza tenisi.

Kutokana na mwenendo huo, saa salama zaidi kwa mchezo wa wazi ni tangu saa moja asubuhi hadi saa sita. Si kwamba asubuhi hainyeshi kamwe. Mawingu ya ziwani huchelewa kuondoka mara nyingine, hasa Aprili. Lakini mechi inayoanza saa mbili asubuhi ina nafasi nzuri zaidi ya kumalizika kuliko ile ya saa tisa alasiri, na hilo halihitaji mtabiri. Asubuhi pia huwaepusha wachezaji na jua la utosini, ambalo karibu na ikweta haliachi kivuli cha maana kiwanjani.

Ajabu ni kwamba mechi nyingi za ridhaa hupangwa alasiri. Sababu si uvivu. Jumamosi asubuhi magharibi mwa Kenya na mashariki mwa Uganda ina wenyewe: kuna shamba, kuna soko, kuna duka la kufunguliwa, na zaidi ya yote kuna mazishi. Upande wa Kenya hasa, Jumamosi ni siku ya kuzika, na nahodha anayepanga timu ya watu sita hukosa wawili kwa sababu ya msiba kabla hajaanza kuliwaza wingu. Jumapili asubuhi ni ya kanisa. Ratiba hubakiwa na alasiri, yaani saa zile zile ambazo Elgon na ziwa hukutana angani. Namna ya kujinasua ni kuacha kuichukulia siku nzima kama kipande kimoja. Mechi za mchezaji mmoja mmoja, ambazo huchukua muda mrefu, zianze saa moja na nusu asubuhi kwa wale wanaoweza kufika; mechi za wawili wawili, zinazoweza kufupishwa, ziachwe baadaye. Siku za sikukuu za kitaifa nazo ni hazina, ila za nchi hizi mbili nyingi haziangukii siku moja, na likizo za shule hazilingani, jambo linalowagusa walimu na wanafunzi wanaocheza.

Kuhusu majira, ukanda huu hupata mvua mara mbili kwa mwaka: masika ya Machi hadi Mei, na mvua za pili zinazoanza Agosti au Septemba na kuishia Novemba au Desemba. Nafuu hupatikana mwishoni mwa Desemba hadi Februari, na kidogo Juni na Julai. Lakini hapa hakuna kiangazi kikavu kama cha Turkana, na Januari inayopita bila mvua kabisa ni ya kushangaza. Miaka ya El Niño, au ile ambayo Bahari ya Hindi upande wa Afrika Mashariki hupata joto kuliko kawaida, mvua za mwisho wa mwaka huzidi kipimo. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1997, 2019 na 2023. Msimu wa namna hiyo ukitangazwa, ni busara ligi ianze mapema, au raundi za Oktoba na Novemba zisogezwe Januari.

Hesabu ya ratiba yenyewe ni rahisi. Timu sita zikikutana nyumbani na ugenini, kila moja ina mechi kumi, yaani raundi kumi. Mwandaaji mgeni hutenga Jumamosi kumi mfululizo, na kufikia ya sita ana viporo vinne vinavyodai tarehe. Mwandaaji aliyezoea Tororo hutenga Jumamosi kumi na tatu au kumi na nne, akiacha moja tupu baada ya kila raundi tatu, na huitangaza mapema kuwa ni siku ya akiba, ili mtu asiahidi kwenda harusini. Siku ya akiba isiyohitajika haimuumizi mtu. Isiyokuwapo huzaa magomvi ya mwezi mzima.

Kiwanja kina sauti yake katika mambo haya, na mara nyingine kina sauti kuliko wingu. Viwanja vya udongo vimezoeleka Afrika Mashariki tangu enzi za ukoloni, na udongo wa kichuguu, uliosagwa na kushindiliwa, ulikuwa malighafi ya bei nafuu kwa klabu nyingi. Kiwanja cha udongo hupenda maji kidogo: kikikauka mno hutoa vumbi na kuchimbika. Mvua nyepesi ya robo saa hukiburudisha. Mvua ya nusu saa ya Aprili hukigeuza shamba la mpunga, na hapo kosa kubwa ni haraka. Kufagia au kukanyaga udongo uliolowa huacha mashimo yatakayokauka na kuwa magumu kama tofali, na mpira utadundia kando kwa wiki nzima. Fundi wa kiwanja hupima kwa kisigino: kikiacha alama yenye maji ndani, hakuna mchezo, kikiacha alama kavu isiyo na kina, roli inaweza kupitishwa na mistari kufuatwa. Mahali ambapo mistari huchorwa kwa chokaa, mvua huifuta, kwa hiyo futi ya kupimia na vigingi vya pembeni haviachwi nyumbani. Vipimo havibadiliki: mita 23.77 kwa urefu, mita 8.23 kwa upana wa mchezo wa mmoja mmoja, mita 10.97 kwa wawili wawili. Wavu nao upimwe upya katikati, usizidi wala kupungua sentimita 91.4.

Kiwanja cha saruji au lami ngumu hukauka upesi, lakini ndicho hatari kwa mguu. Filamu nyembamba ya maji isiyoonekana kwa macho inatosha kumtelezesha mtu mzima na kumvunja kifundo. Kiwanja kilichojengwa vizuri huinamishwa kidogo upande mmoja, kiasi cha sentimita moja kwa kila mita, ili maji yakimbie. Kilichojengwa bila mwinamo hutuama vidimbwi, na vidimbwi hivyo hujulikana kwa majina na wenyeji. Ufagio mpana wenye ukingo wa mpira na vipande vya godoro la sponji hurudisha kiwanja katika mchezo kwa dakika ishirini, jua likiwapo. Bila jua, ni kujichosha. Mipira iliyolowa isirudishwe kiwanjani: manyoya yake hunywa maji, mpira huwa mzito, mkono huumia, na kiwanja hulowa tena kila unapodunda.

Mvua, hata hivyo, ni kero tu. Radi huua, na kanuni ya kusimamisha mchezo lazima ifuate radi. Katika ligi za ridhaa za ukanda huu desturi ni kucheza mpaka matone yaanze, na hapo ndipo penye kasoro, kwa sababu mwali unaweza kupiga kilomita kumi mbele ya mvua, mahali ambapo jua bado linawaka. Kipimo kinachotumika duniani ni cha sekunde thelathini na dakika thelathini. Sauti husafiri kilomita moja kwa takriban sekunde tatu. Mwali ukionekana na ngurumo ikasikika kabla ya sekunde thelathini kuisha, dhoruba iko ndani ya kilomita kumi na mchezo unasimama. Hauendelei mpaka zipite dakika thelathini tangu ngurumo ya mwisho, na kila ngurumo mpya huanzisha hesabu upya. Waandaaji wengi sasa hufuata kanuni nyepesi zaidi kukumbuka: ngurumo ikisikika, watu wanatoka. Kwa Tororo kanuni hiyo itagharimu mechi nyingi. Ni gharama inayostahili kulipwa, na hutua zaidi juu ya wale wanaong'ang'ania kucheza saa kumi alasiri.

Hatari ya radi haiko katika kupigwa moja kwa moja tu, kama wengi wanavyodhani. Madaktari waliochunguza majeruhi wa radi wanakadiria kwamba wanaopigwa moja kwa moja ni takriban mmoja kati ya ishirini. Karibu nusu huumizwa na umeme unaosambaa ardhini kutoka pale radi ilipotua, na wengine hupatwa na umeme unaoruka kutoka mti au nguzo iliyo karibu. Kiwanja cha tenisi kinakusanya karibu kila kisichotakiwa: uwazi, uzio wa waya uliozunguka pande zote, nguzo za wavu, kiti kirefu cha mwamuzi, milingoti ya taa, na nje kidogo mwembe ambao watazamaji hukaa chini yake. Kuegemea uzio ili kusubiri dhoruba ipite ni jambo la kawaida na ni la hatari.

Pa kukimbilia pajulikane kabla ya mechi. Kibanda cha kivuli kilicho wazi pembeni hakikingi radi, kiwe cha nyasi au cha bati. Nyumba ya udongo iliyoezekwa kwa nyasi nayo haikingi. Mwezi Agosti mwaka 2020, karibu na Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, watoto kumi waliokuwa wakicheza kandanda walijikinga mvua ndani ya kibanda, radi ikawaua. Tarehe 28 Juni 2011 wanafunzi 18 waliuawa na radi wakiwa shuleni Runyanya, wilaya ya Kiryandongo, ndani ya jengo lisilokuwa na mfumo wa kuipeleka radi ardhini. Mahali penye kinga ni jengo kubwa la kudumu lenye nyaya za umeme na mabomba ya maji kutani, au gari lenye bodi kamili ya chuma na vioo vilivyofungwa. Matatu inafaa. Bodaboda haifai, na kukimbia nayo barabarani ni kubaki uwanjani kwa namna nyingine. Kituo cha mechi kisichokuwa na jengo kama hilo wala magari ya kutosha wachezaji wote hakina sababu ya kupewa mechi ya alasiri msimu wa mvua.

Kuna pia suala la huduma ya kwanza, ambalo hapa limefungamana na imani. Pande zote mbili za mpaka wapo wanaoamini kwamba radi hutumwa, na aliyepigwa nayo haguswi mpaka mganga afike. Mwaka 1998 vyombo vya habari viliripoti kwamba radi iliua wachezaji kumi na mmoja wa timu moja ya kandanda huko Kasai, Kongo, huku wapinzani wao wakisalimika, na mara moja watu wakatazamana kwa jicho la uchawi. Mwili wa aliyepigwa hauhifadhi umeme. Kumgusa hakumdhuru mtu. Moyo wake ukiwa umesimama, kubonyeza kifua bila kukawia na kumpulizia pumzi kunaweza kumrudisha, na wanaopigwa na radi wana nafasi kubwa ya kupona kuliko wanavyoonekana. Wawili au watatu waliofunzwa kubonyeza kifua katika kila timu ni akiba ya maana kuliko raketi ya ziada.

Nani aamue kusimamisha? Ligi ya ridhaa kwa kawaida haina mwamuzi wa kulipwa. Wachezaji hujihukumu wenyewe na manahodha wawili ndio wakubwa wa siku. Makubaliano ya manahodha yanatosha katika suala la unyevu wa kiwanja. Katika suala la radi makubaliano hayafai, kwa kuwa nahodha anayeongoza gemu tano kwa moja atasikia ngurumo kwa mbali sana. Kanuni iseme kwamba mchezaji yeyote, wa upande wowote, akisema ameisikia, mchezo umesimama, na hakuna adhabu. Atakayeitumia vibaya atajulikana. Mji ni mdogo. Michezo mingine ya ukanda huu imeshajizoeza kuandika kanuni za mahali pake. Klabu ya gofu ya Jinja ilijulikana kwa kanuni iliyomruhusu mchezaji kuutoa mpira uliotumbukia katika wayo wa kiboko, na hakuna aliyesema gofu imeharibiwa.

Mchezo ukishasimama, kinachofuata ni kuhifadhi hali yake. Sheria za tenisi ziko wazi: mechi iliyokatizwa huendelea kutoka pointi ile ile, mwenye zamu ya kuanzisha mpira akiwa yule yule na pande zikiwa zile zile. Ugumu ni kumbukumbu. Watu wawili wakikimbia mvua, baada ya dakika arobaini mmoja atarudi na 30-15 na mwingine na 15-30, wote kwa nia njema. Karatasi inayoandika seti, gemu, pointi, anayeanzisha, upande aliopo na idadi ya gemu zilizochezwa kwa mipira ile, ikatiwa saini na wote au kupigwa picha kwa simu, humaliza ubishi. Mechi ndefu kuliko zote, ya John Isner na Nicolas Mahut huko Wimbledon mwaka 2010, ilikatizwa na giza mara mbili na kuchezwa kwa siku tatu, mara ya pili seti ya tano ikiwa 59-59. Iliendelea pale pale ilipoachwa hadi 70-68.

Muda wa kupasha misuli baada ya kusimama una desturi yake katika mashindano ya Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, na ligi ndogo inaweza kuichukua bila kubadilisha. Kusimama kusikozidi dakika kumi na tano hakuleti muda wa kupasha. Kuanzia hapo hadi dakika thelathini ni dakika tatu. Zaidi ya thelathini ni dakika tano. Kwa kuwa kanuni ya radi yenyewe ni dakika thelathini, mechi iliyosimamishwa na ngurumo karibu siku zote hupewa dakika tano, na zinafaa: misuli iliyopoa kwenye upepo wa baada ya dhoruba hukatika kwa urahisi.

Giza nalo ni sehemu ya hesabu. Karibu na ikweta jua halina mzaha. Huko Busia na Tororo hutua kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni mwaka mzima, na machweo ni mafupi. Mechi iliyosimama saa tisa na nusu, ikarudi saa kumi na moja kasoro robo, ina saa mbili hivi za mwanga. Taa, pale zilipo, zisitegemewe jioni ya dhoruba, kwa sababu umeme hukatika wakati huo huo unapohitajika.

Hapo ndipo miundo mifupi inapookoa siku, na sheria za kimataifa zenyewe zimeiweka kama mbadala halali. Seti ya tatu inaweza kubadilishwa na taibreka ya pointi kumi. Katika usawa wa 40-40 inaweza kuchezwa pointi moja tu ya kuamua, anayepokea akichagua upande. Seti fupi za gemu nne, zenye taibreka zikifika nne kwa nne, humaliza mechi kwa saa moja hivi. Kinachotakiwa ni kutangaza kabla ya mpira wa kwanza ni muundo upi utatumika ikiwa saa fulani itapita. Kubadilisha muundo katikati ya seti ni kuchokoza vita, kwa kuwa kila mabadiliko yana anayefaidika. Badiliko la haki ni lile linaloanzia seti inayofuata: seti iliyoanzwa humalizwa ilivyoanzwa.

Mechi isiyomalizika ipewe muda wa mwisho, wiki mbili zinatosha, na tarehe tatu ambazo timu ya nyumbani inazitoa na wageni wanachagua moja. Ikiwa matokeo ya pambano zima tayari hayawezi kugeuka, kwa mfano timu imeshinda mechi tatu kati ya tano, hakuna haja ya kuwarudisha watu njiani kwa ajili ya mbili zilizobaki. Ushindi wa mezani usitolewe kamwe kwa sababu ya hali ya hewa. Utolewe kwa asiyejibu simu ndani ya zile wiki mbili.

Mpaka huongeza kifungu kimoja. Kuvuka kumekuwa rahisi: Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kuwaruhusu raia wao kusafiri kwa kitambulisho cha taifa mwaka 2014, na kituo cha pamoja cha forodha cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018, ili msafiri ahudumiwe na nchi zote mbili mahali pamoja. Hata hivyo foleni ya malori haina rafiki, hasa Malaba, na timu iliyovuka ikakuta kiwanja kimefurika imepoteza nauli na siku. Dhoruba za hapa mara nyingi ni nyembamba, upana wa kilomita chache hadi kumi na kitu. Tororo inaweza kuwa imeloa chepechepe na Busia vumbi linapaa. Kwa hiyo anayeamua ni aliye kwenye kiwanja, na aamue kabla ya saa iliyoandikwa: kwa mechi ya saa mbili asubuhi, picha ya kiwanja itumwe kwenye kundi la WhatsApp kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Saa za nchi zote mbili ni zile zile, jambo dogo linaloondoa visingizio.

Utabiri husaidia kwa ngazi. Utabiri wa msimu, unaotolewa na kituo cha kikanda cha ICPAC kilichoko Kenya na kufafanuliwa na mamlaka za hali ya hewa za kila nchi, hutumika kupanga tarehe za ligi. Utabiri wa siku husaidia kuchagua kati ya kuanza saa moja na nusu au kuahirisha. Kenya ina ofisi za hali ya hewa katika kaunti, na ya Busia ina mengi ya kusema kuhusu saa za mvua kuliko programu ya simu inayochora wingu lile lile juu ya nusu ya Afrika Mashariki. Kwa saa mbili tatu zijazo bado jicho linashinda: mnara wa wingu upande wa Elgon, kisha upepo wa ghafla wa baridi wenye vumbi na majani makavu. Upepo huo ni dhoruba yenyewe ikipumua, na ukifika muda wa kumalizia gemu umekwisha. Mambo yanabadilika: setilaiti mpya ya Ulaya ya Meteosat iliyorushwa Desemba 2022 ina kifaa cha kuona miali ya radi barani Afrika usiku na mchana, na taarifa zake zikishafika kwenye simu za kawaida, kazi ya nahodha itakuwa nyepesi.

Mpaka siku hiyo ifike, ligi yoyote inayotaka kuchezwa kati ya Busia na Tororo inahitaji ukurasa mmoja wa kanuni za hali ya hewa, ulioandikwa na kutiwa saini na manahodha wote kabla ya mechi ya kwanza: ngurumo inasimamisha, dakika thelathini za kungoja, pa kukimbilia katika kila kiwanja, karatasi ya matokeo, muundo mfupi, wiki mbili za kiporo, saa ya kutuma picha. Wanaopanga msimu ujao wauandike Januari, anga likiwa tulivu.